Tupeane uzoefu: mkono wa resi unauma, wewe uliutulizaje?

Kobe wa Kitonga

Wakuu, salama?

Wiki mbili zilizopita nilitoka Dar kwenda Iringa na pikipiki yangu ya cc 150, karibu kilometa 500 kwa siku moja. Mizunguko yangu ya kila siku ni Mbezi na Kariakoo, safari ndefu hiyo ilikuwa ya kwanza. Mpaka Chalinze nilikuwa naimba ndani ya helmeti. Nilipopita Morogoro kiganja cha kulia kikaanza kuwaka. Halafu nikaingia hifadhi ya Mikumi, pale ambapo ni mwendo mdogo na matuta, na ndipo mkono uliponikomesha. Nilidhani mwendo mdogo utanipumzisha, kumbe ule wa kushikilia resi sehemu ileile bila kupandisha wala kushusha ndio mbaya kuliko wote.

Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu. Vidole vikagoma kutoa hela mfukoni. Ikabidi nitumie mkono wa kushoto, nikamwomba radhi mama wa watu.

Tangu hapo nimeshapaka dawa za kuchua za aina tatu. Maumivu yamepungua, ila kila asubuhi naamka kidole cha mwisho kina ganzi. Naomba aliyepitia aseme: ilikuuma wapi, ulifanya nini, na kilichogoma ukitaje pia.

Bwana Mteremko

Nunua gari mkuu. Uzi ufungwe.

Fundi Spana 10

Huyo hapo juu tumsamehe, hajanywa chai.

Mimi ni fundi, na kila anayeniletea habari ya mkono kuuma namwambia aniletee pikipiki kwanza, mkono baadaye. Zima injini, kunja resi, iachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa kishindo, *tap!* Ikirudi kama mlango wa jokofu la zamani, umepata mchawi wako. Siku nzima unapigana na waya mkavu.

Waya wa resi ninaufungua huku juu, nauning'iniza, naufunga kipande cha nailoni mdomoni kama faneli, natia oili nyepesi na kuuacha mpaka ianze kutoka chini. Ukiwa umeanza kuchanika nyuzi hata sihangaiki nao, naweka mpya. Pale bomba la resi linapozungukia usukani nasafisha kwa kitambaa basi, maana ukijaza grisi nzito vumbi linaganda na baada ya mwezi umerudi palepale. Angalia pia waya unakopita. Kuna watu wamefunga taa za mapambo na honi tatu, waya umebanwa shingoni kwenye usukani, halafu wanalalamika uzee.

Kitu kingine wengi hawakijui ni springi ya kwenye kabureta, ile inayorudisha resi. Ikipotea, fundi wa haraka anakuwekea ya pikipiki nyingine, ngumu mara mbili. Pikipiki inatembea vizuri tu, anayeumia ni wewe.

Ukimaliza, acha resi iwe na mchezo kidogo kabla ya waya kuvuta, milimita 2 hadi 6 hivi. Washa, iache kwenye sailensa, yaani iungurume bila kukunja resi, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Muungurumo ukipanda wenyewe usitoke nayo barabarani, waya ni mfupi au umepita vibaya.

Mzee wa Kijiwe

Mwaka wa 9 huu niko kwenye boda. Mwaka wa kwanza nilikuwa natia mkono kwenye ndoo ya maji ya barafu kila usiku, mke wangu akadhani nina jini.

Aliyenisaidia ni dereva mmoja mtu mzima pale kijiweni. Alikaa pembeni akaniangalia naondoka, niliporudi akasema, "Wewe unakamata resi kama unanyonga kuku." Kweli, nilikuwa naishika na vidole vyote kwa nguvu, halafu ili nipate mafuta ya kutosha nakunja kifundo, kinabonyea chini muda wote. Akanifundisha kuishika kwa pembeni, mkono umelala kimshazari kama unayezungusha kitasa cha mlango, kazi kubwa inafanywa na vidole viwili vya mwisho. Kama njia ni ndefu, achia kidogo, isogeze resi, kisha ishike upya kifundo kikiwa kimenyooka. Kunyoosha mkono haitoshi kama resi umeishika vibaya tangu mwanzo.

Na mwili usiulalie usukani. Bana tangi kwa magoti, uzito ukae kiunoni. Jipime: ukiwa unatembea, unaweza kuchezesha viwiko kama kuku anayepiga mbawa? Huwezi, basi umejilaza kwenye mikono.

Mpemba Hachoki

Nyie mna mkono mmoja tu unaouma mnalia. Sie wa Vespa, gia ziko mkono wa kushoto, unabana klachi na kuukunja mkono huohuo juu na chini mpaka ufike. Nimeendesha ya marehemu baba tangu nasoma. Dawa yangu ilikuwa rahisi, nilibadili mipira ya kushikia. Ile ya zamani ilikuwa imeisha, nyembamba na laini kama sabuni, kwa hivyo nabana zaidi ili isiniteleze. Nikatia minene kidogo. Isizidi, mkono ukiwa mdogo mpira mnene nao unachosha.

Tyubu

Jina langu lina sababu zake.

Niliwahi kufikiri nimevumbua. Nikakata kipande cha tyubu, nikakiviringisha pale resi inapokutana na swichi, kikabana. Ukiweka 60 inabaki 60, unaachia mkono, unanyoosha vidole, raha mustarehe. Nilikuwa natoka Dodoma narudi Iringa. Maeneo ya Migoli mbuzi wakaamua kuvuka. Nikabana breki, nikaachia resi kama nilivyozoea miaka yote, nayo haikurudi. Injini inasukuma mbele, mimi nasimamisha. Nilipokuja kukumbuka klachi nilikuwa nimeshalala kwenye mchanga. Mbuzi wote wazima. Mimi bega.

Resi isiyorudi yenyewe siigusi tena, hata ya pikipiki ya kuazima.

Kamau wa Viazi

Habari zenu, mimi ni wa huku Kinangop. Hapa shida yetu ni baridi. Saa kumi na moja asubuhi unapeleka maziwa, vidole vimekuwa vya mbao, na mkono ukiwa baridi unafinya throtoli bila kujua. Glavu zenyewe hazikutosha, nikafunga zile mifuko kubwa za kukinga upepo kwa usukani. Hiyo ilisaidia nusu.

Nusu ingine ilikuwa mtetemo. Nduthi yangu ilianza kutetemeka vibaya ikifika 55, nikasema ni uzee wa injini. Kumbe bolti mbili za kushika injini kwa fremu zimelegea! Fundi alikaza kwa dakika kumi. Watu wa safari refu pia huweka vizito vya chuma kwa ncha za usukani kupunguza huo mtetemo. Niliweka, naona tofauti ndogo, si ya kuniuzia ng'ombe.

Dada Ugani

Mimi ni afisa ugani, pikipiki nilipewa 2022 ule mgao wa wizara. Kabla ya hapo sijawahi kuendesha hata baiskeli ya gia. Nilidhani kuumwa mkono ni ada ya kujifunza, nikavumilia msimu mzima wa mahindi.

Tatizo lilikuwa mkono wa breki. Ulikuwa umeelekea juu, na mimi mfupi, kwa hiyo kila nikiweka vidole juu ya breki kifundo kinapinda kwenda nyuma. Nimelegeza skrubu mbili, nikakaa kwenye siti kama ninavyokaa siku zote, mtu akanishikia pikipiki, nikanyoosha vidole. Breki nikaishusha mpaka ikalingana na mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, mstari mmoja. Hakuna spea wala hela. Nilikasirika siku hiyo badala ya kufurahi.

Mnyoosha Viungo

Nafanya kazi ya tiba ya viungo, nitasema kidogo. Angalieni ganzi iko vidole gani. Gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete, tena inakuamsha usiku ukikung'uta mkono: mshipa wa fahamu unabanwa katikati ya kifundo. Hapo kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala kinasaidia wengi, na wenye kisukari au wajawazito wasipuuze maana wao hupata zaidi. Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni mshipa mwingine, unapita upande wa nje wa kiganja na nyuma ya kiwiko. Kobe, wako ni huo. Unalaza kiganja kwa uzito upande wa nje.

Msuli wa chini ya gumba ukianza kubonyea, au vitu vinakudondoka mkononi, acha dawa za kuchua uende hospitali. Na aliyeanguka akiegemea kiganja, akawa na maumivu kwenye kile kishimo chini ya gumba, asiridhike na eksirei ya siku ya kwanza ikisema hakuna kitu. Kuna mfupa mdogo pale ambao ufa wake huchelewa kuonekana. Tyubu, umesikia?

Tyubu

Nimesikia. Nilipigwa mbili.

Kobe wa Kitonga

Wakuu, narudi na majibu. Jumamosi nilianza kwa kipimo cha Fundi Spana. Resi ilirudi kwa kujivuta kama mtoto anayeitwa kuoga. Waya ulikuwa umepindwa nyuma ya taa, nadhani tangu nilipofunga mabano ya simu. Mpya, na usafi wa bomba. Breki nikaishusha kama Dada Ugani.

Nikanunua na kile kibapa cha plastiki cha kubana kwenye resi, unachokandamiza kwa kiganja badala ya kukamata. Jumapili nikaenda nacho Bagamoyo. Barabara ikiwa tupu ni raha. Niliporudi kwenye foleni ya Tegeta nikakitoa, kwa sababu nikinyoosha vidole kushika breki, kiganja kinakigusa na pikipiki inaruka mbele. Kitabaki kwenye begi, cha safari tu.

Kiganja hakijawaka. Kidole cha mwisho bado kina ganzi asubuhi, imepungua lakini ipo. Jumanne naenda kumwona daktari.

Bwana Mteremko

Hicho kibapa umenunua wapi? Naulizia rafiki yangu.