Presha ya mimba imenitia hofu, kupima kila saa ni kukosa imani?

mama_kijacho: Wapendwa habari za usiku. Nina mimba ya miezi saba, ile ya kwanza niliipoteza kwa kifafa cha mimba ikiwa miezi minane. Safari hii nimenunua kipimo cha presha, napima mara kumi mpaka kumi na tano kwa siku, nikiona imepanda kidogo moyo unaenda mbio napima tena inazidi kupanda, usiku silali nasikilizia mtoto kama anacheza. Kusali nasali lakini huku mkono umefungwa kipimo. Leo shangazi kaniambia nimekuwa kama mfalme Asa wa kwenye Biblia, nimemwacha Mungu nategemea madaktari, niache vyote niombe tu. Neno limenichoma jamani. Kweli nakosea?

mzee_wa_zamu: Pole sana binti yangu. Shangazi ana nia njema ila habari ya Asa kaishika nusu. Soma 2 Mambo ya Nyakati 14 hadi 16. Zera Mkushi alimjia na watu milioni na magari ya vita 300, Asa naye alikuwa na askari 580,000, akawapanga vitani kabisa halafu ndo akamlilia Mungu tusaidie maana tunakutegemea wewe. Miaka ikapita, Baasha mfalme wa Israeli akamzibia njia kule Rama na safari hii Asa hakusema na Mungu hata neno moja, akabeba fedha na dhahabu ya hekaluni akamtumia mfalme wa Shamu, nabii Hanani alipomwambia ukweli akamtia gerezani. Mwaka wa 39 wa kutawala miguu ikaugua na hapo pia hakumtafuta Bwana, akatafuta waganga. Kosa ni huko kutomtafuta. Maana mfalme Hezekia naye aliugua ugonjwa wa kufa, akageukia ukutani akalia, Mungu akamwongezea miaka 15, na nabii Isaya yule yule aliyeleta ahadi akaagiza wambandike mkate wa tini kwenye jipu. Ahadi ilikuja na dawa yake.

nesi_wa_wazazi: Mdogo wangu usithubutu kuacha kliniki wala dawa ulizoandikiwa, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi nakuomba kwa machozi. Ila kupima mara 15 nako ni kujitesa, hofu yenyewe inapandisha presha. Waulize kliniki upime mara ngapi, wengi huambiwa asubuhi na jioni, kaa kwanza utulie dakika tano. Ukiona 140/90 kwenda juu, au kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, mtoto kapunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo usisubiri kukuche.

binti_tanga: Dada mie ni Muislamu, kwetu kuna ile hadithi ya bwana aliyemuuliza Mtume amfunge ngamia au amwache amtegemee Mungu, akajibiwa mfunge kisha utegemee. Wewe ngamia umeshamfunga. Tatizo unaamka usiku kucha kukagua fundo.

mama_kijacho: Nimelia kusoma hilo la fundo. Nimempa mume wangu kipimo akae nacho, atanipima yeye saa moja asubuhi na saa moja jioni, kesho kliniki nikawaulize, hizo dalili za dada nesi nimeziandika kwenye karatasi nimebandika mlangoni. Nimesali mikono mitupu leo, mara ya kwanza toka mwezi wa tatu wa mimba. Mtoto anacheza. Naenda kulala.