Familia ya Kamalondo, Lubumbashi: masomo ya batoto ba Trésor

18:04 Trésor: Jambo yenu wote. Papa, Mama, dada yangu mukubwa Yaya Mado, na Tantine Solange kule Dar, ninawasalimia. Barua ya kazi imetoka leo. Nitaenda Dar es Salaam miaka 3, kufuata mizigo yetu ya shaba kule bandarini. Mwezi wa kwanza tunaondoka, miye, Mama Kevin na batoto. Nyumba haiko shida, vibali kazi itatengeneza. Mashaka iko ku masomo (shule) ya batoto. Muko na mawazo, mutupatie, juu tunapashwa kujibu kazi mbele ya siku 10.

18:06 Mama: Mungu asifiwe! Bajukuu bangu banaenda kuona bahari.

18:07 Yaya Mado: Pongezi ndugu yangu. Sasa mbele ya yote: mukataba inasema nini juu ya minervali (pesa ya masomo)?

18:11 Trésor: Kazi italipa batoto 2, mpaka kiasi fulani kwa mwaka. Wa tatu iko juu yangu.

18:12 Yaya Mado: Basi usisaini bado. Uliza kama ile kiasi inaingiza pesa ya kuandikisha, basi ya kubeba batoto, iniforme na chakula. Ile vitu njo inatoboaka mufuko. Minervali peke yake unaweza kuipima, ile ingine inakuyaka nyuma.

18:13 Mama Kevin: Yaya, aksanti. Kevin iko na miaka 14, ameanza mwaka ya kwanza ya umanite (sekondari ya juu). Grâce iko na 10, ku ya tano ya primeri. Dan iko na 5. Wote banasoma Kifaransa, Kingereza yabo ni "good morning" tu.

18:15 Mama Kevin: [picha]
Nilitafuta ku intaneti, nikapata hii, banaandika "International" ku jina yake. Bwawa ya kuogelea, batoto kidogo mu klasi, na kila mutoto na komputa yake. Iko ya Kingereza. Trésor na miye tuliipenda sana.

18:16 Trésor: Ndiyo. Leo dunia yote ni Kingereza. Nawaza tubatie wote mule, babadirike mara moja.

18:31 Tantine Solange: Trésor mwanangu, karibuni sana Dar. Miaka 11 niko hapa, hili la shule nalijua kwa machozi yangu. Kwanza elewa kwamba neno "International" halina mwenyewe. Ukipita Tegeta, ukipita Kimara, utaliona limepakwa rangi ukutani kwenye shule inayofundisha mtaala wa Tanzania kwa Kiingereza. Si shule mbaya hizo, watoto wangu wawili wamesoma huko na wameshika kazi zao. Lakini Kevin akiingia huko mwisho wake ni mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na mwaka wao unaanza Januari, si Septemba kama kwenu. Zile za kimataifa hasa ndizo wanazosoma watoto wa balozi na wa mashirika. IST, yaani International School of Tanganyika, ipo tangu 1963, wadogo wako Upanga, wakubwa Masaki, wanafuata mfumo wa IB (International Baccalaureate). Ziko za Cambridge, mitihani ya Uingereza: mtoto anafanya IGCSE akiwa na kama miaka 16, halafu A-Level miaka miwili. Na iko ya Kifaransa, Arthur Rimbaud. Usiangalie bwawa. Uliza karatasi atakayotoka nayo mtoto inaitwaje na nani anaitambua. IB wana orodha ya shule zao kwenye tovuti yao, Cambridge wanayo, Wafaransa wanayo. Shule isiyo kwenye orodha yoyote, iulize kwa upole inafuata nini.

18:33 Mama Kevin: Tantine, hatukujua hata kimoja cha hii.

18:47 Papa: Nimesoma yote. Nimefundisha miaka 34, kwa hiyo mniruhusu nihesabu kidogo. Kevin akianza huko mwezi wa kwanza, mkataba wako utaisha akiwa na miaka 17. Diploma ya IB ni masomo sita yanayofanywa miaka miwili, mtoto akiwa kati ya 16 na 18. Maana yake mtamng'oa katikati, kabla hajafika kwenye mtihani. Na A-Level ni vilevile. Sasa niambieni, mkirudi Lubumbashi na nusu ya diploma ya Kiingereza, nani hapa atampokea? Kwa Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, atakuwa hajasoma programu yetu. Mimi sikatai Kiingereza. Ninauliza mtoto atamalizia wapi.

18:49 Trésor: Papa, ile sikuiwaza.

18:52 Yaya Mado: Papa amesema kweli. Mufungue masikio, nitaandika murefu, maana hii kintu iliniumiza na sikuisemaka mu grupe.

19:05 Yaya Mado: Munakumbuka tulikaa Lusaka miaka 4. Mutoto wangu Patrick tulimutia ku masomo ya Kingereza, na jina yake ilikuwa nzuri kabisa. Alianza vizuri, akashika Kingereza sawa mwenye kuzaliwa kule. Siku tulirudia, niliomba bulletin (ripoti ya alama zake). Sekretere akanipatia karatasi mbili, hazina kashe (muhuri). Ingine alinitumia ku telefone, mapicha. Alisema nitapata yote kisha. Nilipiga simu mwezi muzima. Masomo ilikuwa imeuzishwa, bakubwa bapya banasema habajue dosie ya zamani. Hapa mukubwa wa masomo akaangalia mapicha ku telefone yangu akasema: mama, hii siwezi kuiweka mu dosie. Patrick alirudishwa klasi mbili nyuma. Alikuwa na miaka 16, anaikala na batoto ba 14. Banki (benchi) ya klasi ilikuwa fupi juu yake, magoti yake ilikuwa inagonga ku mbao, alirudia nyumba na alama mbili nyekundu kila siku. Na Kifaransa ilikuwa imetoka. Mwalimu wa Kifaransa alisoma redaksio (insha) yake mbele ya klasi yote. Kutoka siku ile aliacha kusema ku meza. Mwezi mbili alikuwa anakula kimya. Leo iko UNILU, Universite ya Lubumbashi, Mungu asifiwe. Lakini miaka mbili ya mutoto wangu ilibaki mu ofisi ya mutu.

19:07 Mama: Mado, mbona hukutuambia?

19:08 Yaya Mado: Nilikuwa na haya, Mama.

19:10 Trésor: Yaya, pole sana. Nilikuwa naona Patrick amekuwa mupole, nikawaza ni ukubwa.

19:14 Tantine Solange: Pole Mado wangu. Hilo la mihuri linawakuta wengi. Kabla hamjatoka Lubumbashi, bulletin zote za miaka mitatu nyuma zigongwe muhuri na zisainiwe, na cheti cha kuonyesha mtoto anasoma darasa gani. Vyeti vya kuzaliwa. Kadi za chanjo, na ile ya manjano ya homa ya manjano, mpakani wataiuliza. Tafuteni mtafsiri wa kiapo, kila kitu kiwe na nakala ya Kiingereza. Huku nako, kila mwisho wa muhula dai ripoti yenye muhuri, usingoje siku ya kuondoka.

19:21 Papa: Sasa upande wa Kifaransa. Shule za mtandao wa AEFE, wakala wa Ufaransa wa shule za nje, zinapita mia tano duniani, na programu ni moja. Lycée Blaise Pascal hapa Lubumbashi iko kwenye mtandao huo, na ya Dar vilevile. Mtoto anayetoka moja kwenda nyingine hafanyi mtihani wa kuingia, anaendelea darasa lake. Kevin wetu hatoki huko, kwa hiyo atapimwa kabla ya kupokelewa, lakini atapimwa kwa lugha anayoiandika. Umri wake ni wa darasa lile Wafaransa wanaliita la tatu, mwisho wake kuna mtihani wa breve. Nimehesabu kwa kalamu: mwezi wa kumi na mbili mkataba ukiisha, atakuwa katikati ya mwaka wa mwisho, wa bakaloria. Anaweza kurudi kumalizia Blaise Pascal kwa programu ileile. Vizuri zaidi, Trésor, uombe kazi wakuongezee mpaka mwezi wa saba. Liombe sasa, kabla hujasaini. Ukishasaini utakuwa unaomba huruma.

19:23 Trésor: Papa, hii ya mwezi wa saba nitaiandika kesho asubui.

19:26 Mama Kevin: Na Kingereza? Batoto batarudia bila kitu?

19:34 Tantine Solange: Mama Kevin, usiogope. Kiingereza kwenye shule ya Kifaransa wanafundishwa, na Kiswahili cha Dar watakiokota kwa majirani bila ada. Ila nikwambie walimu wa lugha wanavyosema, na nimeyaona kwa macho yangu. Kiingereza cha kucheza mpira mtoto anakipata ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kiingereza cha kitabu, cha kueleza seli na kuandika insha ya historia, kinachukua miaka mitano, hata saba. Dan anayo hiyo miaka. Grâce anayo nusu. Kevin hana. Na shule nyingi za Kiingereza mtoto kama huyo humtoa darasani saa kadhaa kwa wiki kwenda kwa mwalimu wa lugha, na wengine humtoza mzazi pesa ya ziada kwa hilo. Liulize nalo.

19:36 Yaya Mado: Trésor, mumemuuliza Kevin mwenyewe?

19:37 Trésor: Bado. Iko hapa mu salon. Ngoja.

20:02 Trésor: Nimemuita, tumeikala inje, baraza. Nilimueleza yote, hata habari ya Patrick, Yaya utanisamehe. Alinyamaza. Kisha akaniuliza: "Papa, mu klasi ya Kingereza, nitaweza kujibu ku mwezi wa ngapi?" Sikuwa na jibu. Munajua ile mutoto, ku klasi yake yeye njo anainua mukono mbele. Akasema anaogopa kukaa mwaka muzima sawa mutu mwenye hana akili, na akili iko nayo.

20:03 Mama: Kajukuu kangu.

20:04 Yaya Mado: Njo ile. Njo ile kabisa. Patrick hakupata mutu wa kumuuliza.

20:10 Papa: Basi kwa Kevin neno limekwisha, mkikuta shule inampokea. Lakini swali moja msilisahau kuandika: madarasa ya juu yanafundishwa na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto, au kwa masomo ya mbali ya CNED, taasisi ya Ufaransa, na msimamizi tu? Ziko shule ndogo za Kifaransa nje ya Ufaransa zinafanya hivyo kwa wakubwa. Si dhambi, lakini mtoto asiyejisimamia huzama. Waulize pia wako wangapi darasani mwake. Akiwa peke yake na wenzake watatu, ni jambo la kufikiri.

20:15 Mama Kevin: Grâce naye?

20:17 Tantine Solange: Grâce amfuate kaka yake. Kazi inalipa wawili, hao ndio wawili. Wanapanda basi moja, mkutano wa wazazi ni mmoja. Dan umtafutie chekechea ya Kiingereza karibu na nyumba, ya kawaida, ya watoto wa Kitanzania. Bei yake ni ya mfuko wako, na huyo ndiye atakayewaletea Kiingereza nyumbani.

20:18 Mama Kevin: Nilikuwa nataka batatu mahali pamoja. Lakini ninaelewa.

20:19 Trésor: Tantine, kazi inatutafutia nyumba Mbezi Beach, kubwa, na bustani. Iko mbali na masomo?

20:21 Tantine Solange: Nyingi za shule hizi ziko upande wa Masaki na Msasani na mjini. Maneno hayatoshi. Alhamisi nitapanda gari na kijana wangu kutoka Mbezi saa za wanafunzi, nikuambie dakika.

Jumatano

11:48 Mama Kevin: [picha]
Bulletin zote ku meza. Kevin miaka 3, Grâce miaka 3. Kashe imeingia. Mukubwa wa masomo mwenyewe amesaini, amesema batamukosa Kevin.

11:50 Yaya Mado: Piga mapicha, lakini karatasi yenyewe weka mu sakoshi yako ya mukono. Hapana mu valizi.

15:30 Trésor: Kazi imejibu juu ya mwezi wa saba. Habakukataa. Banasema bataandika "mpaka mwisho wa mwaka wa masomo" mu mukataba. Pesa ya kuandikisha italipwa, ya basi hapana.

15:33 Papa: Hiyo sentensi waiandike kweli. Uisome kabla ya kalamu.

Alhamisi

05:12 Tantine Solange: Hapa kwetu saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Tumetoka Mbezi Beach. Bado giza giza.

05:44 Tantine Solange: Tumefika Kawe. Gari hazisogei. Pembeni yetu kuna basi la shule, la njano. Mtoto wa dirishani, kama wa umri wa Grâce, amelala mdomo wazi, paji la uso limegandamana na kioo, na kioo kimeweka ukungu pale anapohemea. Soksi moja imeshuka.

05:45 Mama Kevin: Niko macho, Tantine. Ninasoma.

06:09 Tantine Solange: Mikocheni.

06:34 Tantine Solange: Masaki, getini. Saa moja na dakika 34. Toka Mbezi ni dakika 82, na leo hakuna mvua. Jioni ni hivyohivyo.

06:36 Mama Kevin: Karibu masaa tatu mu njia kila siku, kuenda na kurudia. Mwaka muzima.

06:41 Trésor: Nimeandikia kazi sasa hivi. Nimesema tunaacha bustani. Batupatie nyumba ndogo, vyumba 3, karibu na masomo, Grâce na Dan batalala pamoja.