Sodaringi gani kwa anayeanza: original ya bei mbaya au kopi ya Kariakoo?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Na kabla hamjanicheka, hiyo "gani" kwenye kichwa isomeni mnavyotaka, ya kuuliza au ya mafundi (yaani gun, chombo chenyewe cha kuyeyushia waya wa risasi ili kuunga saketi), zote sawa. Iko hivi, kuna kijana wa jirani kamaliza form four, ana wazimu wa saketi, redio ya mama yake ameshaifungua mara nne, sasa baba yake kamtolea laki tatu anunue vifaa na kanituma mimi nimshauri. Nikauliza kwa mafundi ninaowafahamu, wamegawanyika pande mbili kama Simba na Yanga. Wa kwanza wanasema nunua Hakko original, ile ya Kijapani, hata kama mtakula ugali na chumvi mwezi mzima, wa pili wanasema kopi ya 936, modeli ya zamani ya Hakko hao hao, ya elfu 80 inamtosha mpaka azeeke. Mimi naona wote wanabishania kibandiko cha jina tu.

Kwanza tukubaliane, ile ya kuchomeka moja kwa moja ukutani ya elfu kumi, iliyoandikwa wati 60, hapana. Haijui joto lake yenyewe. Ukiiweka kwenye stendi inapanda tu mpaka ncha inakuwa nyeusi na haishiki risasi tena, halafu ukiigusisha kwenye mguu wa graundi wa kapasita ya 4700 pale kwenye bodi ya sabufa, ile shaba pana inanyonya joto lote, risasi inakuwa kama uji wa jana, wewe unabonyeza, unabonyeza, dakika inakata, ukivuta kapasita inatoka na kipande cha njia ya shaba kimening'inia kama ganda la kitunguu. Na bodi ni ya watu.

Stesheni, yaani sodaringi yenye boksi lake la kupangia joto, ina kihisi, ikiona ncha imepoa inaongeza moto yenyewe. Sasa hapo ndo hoja yangu, kwenye muundo wa 936 hita ni kijiti cha seramiki na ncha inavishwa juu yake kama soksi, kwa hiyo joto linavuka kanafasi ka hewa kabla halijafika. Kwenye T12, muundo mwingine wa ncha za Hakko, hita, kihisi na ncha ni kitu kimoja kilichofungwa pamoja, inawaka ndani ya sekunde chache na ukigusa shaba pana inajua papo hapo. Kwa hiyo mimi nasema kopi ya T12 iliyotengenezwa vizuri itafungua ule mguu wa kapasita haraka kuliko original ya muundo wa zamani. Anayepinga aje na sababu, asije na jina la kampuni tu.

Fundi wa Tandika: Mleta mada umeongea vizuri ila umeruka shimo kubwa. Mimi nakula kwa hii kazi, nisikilize. Niliwahi kununua kopi moja, jina silitaji, inang'aa, namba nyekundu zinasoma nyuzi 350, safi kabisa. Siku nachomelea bodi ya TV naona vidole vinatekenywa, nikadhani ni uchovu. Nikaifungua. Waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umefika mpaka kwenye boksi halafu umekatwa, haujafungwa popote! Na swichi inakata nyutro badala ya laivu, yaani ukizima bado ndani kuna umeme unakusubiri. Sasa huyo mtoto wa form four atajua wapi mambo hayo? Original haikufanyii hivyo. Na hiyo 350 nilipokuja kuipima kwa kipimajoto cha jamaa yangu ilikuwa imepita 400, ndo maana ncha zilikuwa zinaniishia kila baada ya wiki mbili nikawa nalaumu risasi.

Na hizo ncha za T12 unazozisifia, feki zimejaa. Ukinunua stesheni kopi na ncha kopi, hapo umebakiza nini?

Dada wa Mwanza: Kaka wa Tandika nakubaliana na wewe kwenye ethi, asilimia mia. Ila hii imani ya original nayo ina mitego, ngoja niwape yangu mcheke. Binamu yangu yuko Marekani, nikamwomba aniletee stesheni ya Kijapani, original, na risiti juu. Nimeipokea kwa shangwe, nikachukua adapta ya soketi, nikachomeka. Sekunde kama ishirini hivi, harufu, moshi, kimya. Ile ilikuwa ya volti 120 jamani, kibandiko kiko pale nyuma kimeandikwa wazi kabisa na mimi sikukisoma kwa furaha. Huku kwetu ni 230. Transfoma imekufa siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo stesheni kama hiyo FX-888D ya Hakko ni nzuri sana, sibishi, ila zilitengenezwa za volti tofauti kwa nchi tofauti, ukiletewa na ndugu mwambie asome nyuma kabla hajalipa, la sivyo utahitaji transfoma ya kushusha, na hiyo nayo ni hela.

Kingine, mnabishana stesheni wakati huyo kijana ataenda kununua risasi ile ya bei chee isiyo na flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) ndani, halafu mtasema chombo kibovu. Mnunulieni 63/37 (bati 63, risasi 37), inayeyuka kwa nyuzi 183 na inaganda papo hapo, haipiti kwenye ile hali ya uji uji ya katikati. Na flaksi ya kopo. Na ncha bapa! Sijui nani aliwaambia watu ncha iliyochongoka kama sindano ndo ya kitaalamu. Ile inagusa kwa nukta moja tu, joto linapita wapi? Bapa ya milimita mbili na nusu hivi inafanya karibu kazi zote za hobi.

Mkenya wa Ngara: Sasa wadau, mbona mnajisumbua na haya maboksi yote? Mimi natumia Pinecil ya Pine64, sodaringi isiyo na boksi, ni kalamu tu, dola 26 kule kwao kabla ya usafiri, na naiendesha na chaja ya laptop iliyokufa, ile ya volti 19. Nikienda kwa beshte inaingia kwa mfuko. Stima ikipotea, na inapotea, naweka kwa betri ya sola naendelea na kazi. Hapo mtaa wa Luthuli, Nairobi, nimeuliza stesheni za maana, bei niliyotajiwa ningenunua Pinecil mbili na bado nibaki na ya lunch. Mwanafunzi anahitaji nini zaidi?

Fundi wa Tandika: Anahitaji wati, mkuu. Hicho kikalamu kinatumia ncha za aina ya TS100, kalamu nyingine kama hiyo, na hizo kwa volti 24 zinatoa kama wati 65, kwa 19 zinashuka kwenye 40, kwa 12 ya betri yako ya sola ni wati 17. Na 17 hizo uende nazo kwenye graundi ya sabufa? Utakesha.

Mkenya wa Ngara: Hiyo ni ukweli, kwa betri nafanya vitu vidogo tu, LED, waya za Arduino, zile bodi ndogo za kujifunzia. Kwa graundi kubwa narudi kwa chaja. Na ndio, chaja za laptop zingine hazina ethi, unaskia ile kutekenya, lakini Pinecil iko na kaskrubu ka kufunga waya wa ethi, watu wengi hata hawajui ni ka nini.

Msomaji wa Tanga: Samahanini naingilia. Hamjagusa suala la sumu. Risasi ni risasi kweli, madini yenyewe. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walishaipiga marufuku kwenye vifaa vingi vya elektroniki tangu Julai 2006, sasa mnampa mtoto avute moshi wake sebuleni?

Dada wa Mwanza: Moshi ule ni wa flaksi, ndugu yangu, kwa joto la 350 risasi yenyewe haivukizi kiasi cha kuogopesha. Siyo kwamba moshi wa flaksi ni mzuri, unakaba kifua hasa kwa wenye pumu, afungue dirisha na aweke kifeni kidogo. Risasi inaingia kwa mkono, unachomelea halafu unamega chapati. Anawe kwa sabuni na asile mezani pale pale. Isiyo na risasi inataka mpaka 217 au 220 ndo iyeyuke, kwa anayejifunza na chombo cha kuungaunga ataongeza moto mpaka aunguze bodi.

Mleta mada: Nimesoma zote, asanteni, na kwenye ethi fundi umenipiga, nakiri. Nilikuwa naongelea joto tu nikasahau kwamba kitu kinachomekwa ukutani. Ila kwenye kibandiko bado sijarudi nyuma, kwa sababu hata wewe mwenyewe shimo uliloliona uliliona kwa kufungua boksi, hukuliona kwa kusoma jina. Na mafundi simu wa mtaa wa Aggrey wengi wako kwenye ncha za mtindo wa C245 za kampuni ya JBC, ule wa Kihispania unaowaka kwa sekunde mbili, lakini stesheni zenyewe ni za Kichina na wanafungua bodi za simu kutwa nzima. Nao tuwaambie hawajui kazi?

Nilichoamua ni hivi, na mnaweza kuniponda. Kijana hatanunua boksi mpaka muuzaji amtolee mezani ncha tatu za akiba za boksi hilo hilo. Kama ncha hazipo dukani leo, miezi mitatu mbele atakuwa na stesheni isiyo na ncha, iwe original iwe kopi, na hii ndo sababu kubwa naiogopa original kwa huku kwetu kuliko hata bei. Halafu namchukulia multimita, kabla ya kulipa na kabla ya kuchomeka popote tunapima kutoka ncha mpaka pini ya ethi kwenye plagi, isizidi omu mbili. Ikiwa na plagi ya pini mbili hatupimi hata, tunaiacha. Kwa hesabu yangu ya T12 yenye ethi, ncha bapa moja na ya kisu moja, risasi 63/37, flaksi, na ile sponji ya nyuzi za shaba ya njano ya kusafishia ncha (siyo msasa wakuu, msasa unakula lile ganda la chuma la ncha mpaka unakuta shaba), laki tatu inatosha na chenji ya nauli.

Fundi wa Tandika, kama una nafasi Jumamosi tukutane saa nne pale Msimbazi. Bisibisi ulete wewe, multimita ninayo, tuone ni muuzaji gani atakubali tumfungulie boksi.

Fundi wa Tandika: Nipo. Ila akikataa tusifungue, tunahama duka, sitaki ugomvi Jumamosi.