Naomba ushauri: mdogo wangu anakimbia vizuri, itamsaidia kupata chuo Marekani?

Habari zenu wadau, naombeni msaada maana usingizi sina. Mdogo wangu wa kike amemaliza form four hapa Uasin Gishu, KCSE kapata B-, na mita 1500 anakimbia 4:24 tena kwenye uwanja wa vumbi huku juu. Sasa kocha wa chuo kimoja cha Marekani cha Division I (daraja la juu la michezo ya vyuo) kamtumia meseji WhatsApp, anataka matokeo yake na video za mbio.

Nilichoelewa ni kwamba kocha akikutaka, jina lako linafika ofisi ya udahili likiwa na uzito wake, kwenye ile kesi ya 2018 kuhusu udahili wa chuo cha Harvard ilionekana wanariadha walioitwa na makocha walikubaliwa kama 86% huku wengine wenye A tupu wakiachwa. Lakini Ivy League (kundi la vyuo vinane vikubwa, Harvard kikiwemo) hawatoi skolashipu ya michezo, Division III (daraja la tatu) nao hivyohivyo, kwa hiyo kupata nafasi ni jambo moja na ada ni jambo lingine kabisa.

Kinachoniumiza kichwa, kuna ajenti anataka alipwe kwanza ndio amuunganishe, wakati kocha tayari tunaye! Mama yuko tayari kuuza ng'ombe, mimi nimemwomba asubiri kwanza.

Je B- inatosha? NCAA (wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani) waliacha kudai SAT (mtihani wa kuombea chuo) 2023 ila chuo chenyewe si kinaweza kuitaka? Na ahadi ya kocha kwa simu ina nguvu yoyote kabla ya barua ya chuo? Waliopita njia hii naombeni mnijibu tafadhali.