Taifa teule: kuteuliwa kunapunguza lawama au kunaiongeza?

MLETA MADA

Wakuu, vita vikipamba moto Mashariki ya Kati, huku kwetu tunagawanyika siku ileile. Wapo wanaoleta Mwanzo 12:3, "nitawabariki wakubarikio", na kwao mjadala umekwisha: taifa teule halisemwi. Wapo wanaojibu kwamba Mungu kuchagua kabila moja ni ubaguzi tu, hakuna la ziada. Wote wanalizungumzia wazo la Wayahudi bila kuwasikiliza Wayahudi, ambao wamelibishania wenyewe kwa zaidi ya miaka elfu mbili na hawajamaliza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnishambulie vizuri: katika maandiko ya Kiyahudi, kuteuliwa ni deni. Anayekufanya ngao ya kutokosolewa anagombana na manabii.

Someni Amosi, mchungaji wa Tekoa huko kusini, aliyekwenda kuhubiri ufalme wa kaskazini karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati matajiri wake walikuwa wakilala kwenye vitanda vya pembe. Anaanza na majirani. Amoni wamewapasua wanawake wenye mimba wa Gileadi. Gaza wamechukua mateka wakawauza. Moabu wameichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Hilo la Moabu lisiwapite: aliyedhulumiwa ni Edomu, wala si Israeli, na bado Mungu anadai. Nadhani hadi hapo wasikilizaji walikuwa wakimshangilia.

Kisha inafika zamu ya Israeli, na mashtaka yanabadilika. Wamemuuza maskini kwa jozi ya viatu. Wanajinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani kwa wadaiwa. Hakuna mimba iliyopasuliwa hapo. Mataifa wamehukumiwa kwa unyama ambao kila mwenye akili anaujua kuwa unyama. Israeli wanahukumiwa hadi kwa nguo ya mdaiwa, kwa kuwa sheria yao iliwaagiza wairudishe kabla jua halijatua. Ndipo unakuja mstari wa 3:2, ambao maana yake ni hii: katika jamaa zote za dunia nimewajua ninyi tu, kwa hiyo nitawapatiliza maovu yenu yote. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo mada yangu nzima.

Na kabla kitabu hakijaisha, katika 9:7, anawauliza kama wao kwa Mungu si sawa na Wakushi, watu wa Afrika. Aliyewatoa Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Washami Kiri. Yaani hata safari ya kutoka Misri si yao peke yao.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1

Bwana asifiwe. Mleta mada umeandika vizuri, ila umeruka agano. Mwanzo 15, Ibrahimu amelala usingizi mzito, na moto unapita kati ya vile vipande vya wanyama. Ibrahimu hakupita. Mungu alijifunga peke yake, bila sharti. Paulo naye anasema katika Warumi 11 kwamba karama za Mungu na mwito wake havina majuto. Adhabu ndiyo, baba humwadhibu mwana, lakini mwana habadiliki kuwa mtumwa. Kwa hiyo sisi wa nje tukae kimya, tubariki.

MCHANGIAJI WA 2

Mleta mada anatuchagulia mistari mitamu. Mbona hujamtaja Yehuda Halevi? Huyu ni mshairi mkubwa wa Hispania, aliyefariki 1141, na katika kitabu chake Kuzari anapanga viumbe kwa ngazi: jiwe, mmea, mnyama, binadamu, na juu ya binadamu wa kawaida kuna ngazi ya unabii ambayo ni ya wazao wa Yakobo. Hata aliyeongoka akawa Myahudi, kwake hafiki huko. Njoo mwishoni mwa karne ya 18, Shneur Zalman wa Liadi, mwasisi wa Chabad, kundi la Kiyahudi la Hasidi, anaandika katika kitabu chake Tanya kwamba roho za mataifa yanayoabudu sanamu zinatoka upande wa uchafu usio na jema ndani yake. Kitabu hicho kinasomwa kila siku hadi leo. Hilo nalo ni deni?

MLETA MADA

Nakujibu wewe wa pili kwanza, kwa sababu hoja yako ndiyo nzito.

Halevi na Tanya wapo, na sitawapaka rangi. Ninachosema ni kwamba walipingwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Musa bin Maimun, tunayemwita Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandikiwa barua na Obadia, mtu aliyeingia dini ya Kiyahudi. Obadia aliuliza kama anaweza kusali "Mungu wa baba zetu" wakati baba zake hawakuwa Wayahudi. Akajibiwa: sali hivyohivyo, usibadili neno, hakuna tofauti yoyote kati yetu na wewe, kila aingiaye ni mwana wa Ibrahimu. Kama kuteuliwa kungekuwa kitu cha damu, jibu hilo lisingewezekana.

Karne ya 20 Yeshayahu Leibowitz wa Yerusalemu, mkemia na mtu wa dini asiyelegeza amri hata moja, alilisema kwa ukali zaidi. Alichukua mistari miwili iliyo karibu katika Hesabu. Katika 15:40 watu wanaambiwa watende amri zote ili wawe watakatifu. Katika 16:3 anasimama Kora, mwasi, anasema mkutano wote ni watakatifu, kila mmoja wao. Kwa Leibowitz, Musa analeta utakatifu kama kazi isiyokwisha, na Kora anautangaza kama sifa ambayo tayari unayo. Ardhi ikammeza Kora. Leibowitz hakukiacha kitabuni: baada ya vita vya 1967 alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kudai Israel iondoke katika maeneo iliyoyateka, na hakuacha kudai hadi alipofariki 1994.

Sasa ndugu wa kwanza. Agano kudumu ni jambo moja, mtu kuachwa bila kuulizwa ni jambo lingine kabisa. Wayahudi wenyewe katika sala za sikukuu wanasema kwamba kwa ajili ya dhambi zetu tulihamishwa kutoka nchi yetu. Wamesali hivyo karne kwa karne, na hawakuona kwamba wanakana agano. Na kama unataka mfano wa mteule anayekaa kimya, Ibrahimu hakufai. Katika Mwanzo 18:19 Mungu anasema amemjua ili awaamuru wanawe watende haki na hukumu. Mistari michache mbele Ibrahimu anamkabili Mungu huyohuyo kwa ajili ya Sodoma, watu ambao hata hawakuwa wake, anashusha idadi kutoka 50 hadi 10.

MCHANGIAJI WA 3

Kuna kitu hamjakigusa. Mtu anawajibika kwa alichokubali. Hawa walikubali lini? Talmud, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi, ina kisa kwamba pale Sinai Mungu aliuinua mlima juu ya vichwa vyao kama pipa akasema: mkiipokea Torati, vema, la sivyo kaburi lenu liko hapa. Kwa sheria ya nchi yoyote, mkataba wa namna hiyo ni batili.

MLETA MADA

Na marabi waliliona hilo, ndiyo sababu nawapenda. Palepale kwenye Talmud, katika Shabbat 88a, Rav Aha bar Yaakov anasema kisa hicho kinatoa hoja kubwa dhidi ya Torati nzima. Rabi mwingine, Rava, anamjibu kwamba waliipokea upya kwa hiari zamani za Esta, huko uhamishoni Uajemi, pasipo mlima juu ya kichwa wala muujiza wa hadharani. Kwa hiyo uwajibikaji kamili, kwa maoni ya Rava, haukuanza pale Mungu alipowashika. Ulianza siku walipoweza kuondoka na hawakuondoka.

MCHANGIAJI WA 4

Nafanya biashara Mbale, Uganda, nimewaona Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, kwa macho yangu. Hawa walianza na Semei Kakungulu mwaka 1919, mtu aliyewapigania Waingereza kisha wakakosana, akasoma Biblia akatahiriwa yeye na wanawe. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao wengi waliacha, wachache wakaendelea kwa siri. Mwaka 2002 marabi wa Conservative, mrengo wa kati wa Uyahudi, walikuja wakawaongoa rasmi mamia yao, lakini Wayahudi wa Othodoksi, wanaoshika sheria kwa ukali, hawautambui uongofu huo. Sasa mtu aliyeshika Sabato chini ya Amin na mtu aliyezaliwa nayo Tel Aviv asiishike, nani ameteuliwa? Nauliza tu.

MCHANGIAJI WA 5

Assalaam alaykum. Wenzangu Waislamu tusicheke sana. Ndiyo, Qur'ani katika Al-Maida 18 inawauliza wanaosema ni vipenzi vya Mungu: basi mbona anawaadhibu kwa dhambi zenu? Lakini Aal Imran 110 inatuambia sisi ni umma bora, na hapohapo inataja kazi: kuamrisha mema, kukataza maovu, kumwamini Mungu. Wangapi wetu tunakariri nusu ya kwanza tu?

MCHANGIAJI WA 6

Naona mnazunguka jambo gumu. Kama kuteuliwa ni kuadhibiwa zaidi, basi Holokosti ilikuwa nini? Mwaka 1961 rabi Mmarekani, Richard Rubenstein, alikutana Berlin na mchungaji Heinrich Grüber. Grüber hakuwa Mnazi. Alifungwa kambini kwa sababu ya kuwasaidia Wayahudi. Mtu huyo mwema akamwambia kwamba hata kilichowapata ni mapenzi ya Mungu. Rubenstein akaona kwamba kama wazo la taifa teule linamfikisha mtu mwema hapo, ni heri kuliacha. Rabi mwingine wa Marekani, Mordecai Kaplan, alikuwa amekwisha kuliacha, akaliondoa kwenye kitabu cha sala alichotoa 1945. Marabi wa Othodoksi wakakutana New York mwezi Juni, wakamtenga, na nakala ya kitabu ikachomwa moto, mwezi mmoja tu baada ya Wanazi kusalimu amri. Mleta mada, "kwa hiyo" yako ya Amosi ndiyo aliyoisema Grüber.

MLETA MADA

Hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, na inanilazimu niseme wazi nani anaruhusiwa kuisema ile "kwa hiyo".

Amosi alikuwa mmoja wao. Sala ya sikukuu inasema "dhambi zetu". Hukumu ya ziada inayotokana na kuteuliwa husemwa na aliye ndani, akijijumuisha. Ikisemwa na wa nje inageuka kitu kingine, na Isaya sura ya 10 analishughulikia jambo hilo kwa jina: Ashuru ni fimbo ya hasira ya Mungu, lakini Ashuru akijiona ana haki kwa kuwa yeye ni fimbo, ataadhibiwa. Aliyempiga mteule hawezi kujitetea kwamba alikuwa chombo. Grüber alichukua sentensi ya kuungama akaifanya maelezo ya historia ya watu wengine. Kaplan namheshimu, ila kufuta sala hakumzuii mtu wa nje kuitumia.

Kwa hiyo sisi wa nje tunabaki na kipimo gani? Kile cha sura mbili za kwanza za Amosi, cha Gaza, Amoni na Moabu: kuuza mateka, kuua wasio na silaha, kudhalilisha wafu. Marabi nao wana amri saba za Nuhu, kama kutoua na kutoiba, zinazowahusu binadamu wote, Myahudi akiwemo. Hicho ndicho tunachoweza kumdai yeyote, na kumdai Israel, bila kumwongezea wala kumpunguzia. Anayesema "wao walipaswa kuwa bora kuliko sisi, ni wateule" anadai deni ambalo si lake. Anayesema "waacheni, ni wateule" anasamehe deni ambalo pia si lake.

Mfano wa leo nilioahirisha makusudi. Tamko la uhuru wa Israel la 14 Mei 1948 linaahidi raia wote usawa kamili bila kujali dini, rangi wala jinsia, na linawataja manabii wa Israeli. Sheria ya taifa ya Julai 2018 inasema haki ya kujiamulia kitaifa nchini humo ni ya Wayahudi pekee, na neno usawa halimo. Mahakama Kuu iliipitisha Julai 2021 kwa majaji 10 dhidi ya mmoja, George Karra, ambaye ni Mwarabu. Mimi naipima kama ambavyo ningeipima katiba ya nchi yoyote yenye raia wa makabila mawili, na naona imepungukiwa. Amosi sihitaji kumwita. Myahudi wa Haifa akimwita, ana haki hiyo.

Ndugu wa Mwanzo 15, Mwanzo 18 bado inakusubiri.