Gari inanisukuma usukani na kuna muda inaongeza spidi yenyewe, ni mbovu au mimi ndo sijajua kuitumia?

MamaWawili: Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mwezi uliopita nimebadilisha gari, hii ya sasa nimeichukua ikiwa imetumika ila ni ya kisasa, ina kruzi kontroli ile inayofuata gari ya mbele na ina mfumo wa kukuweka kwenye leni. Wiki za mwanzo sikugusa chochote, nikasema nizoee gari kwanza. Jumamosi nilikuwa na safari ndefu, watoto wamelala nyuma, barabara nyeupe, nikaweka 100.

Kuna mtu wa baiskeli alikuwa pembeni, nikasogea kidogo nimpe nafasi, usukani ukanisukuma kurudi kulekule alipo, nilihisi kabisa kama kuna mtu mwingine kaushika pamoja na mimi. Niliukaza nikapita, mikono inatetemeka. Mbele huko nafuata lori kwenye 70, tumeingia kona ndefu, katikati ya kona gari ikaanza kuvuta mwendo kana kwamba lori halipo nikakanyaga breki mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, gari iliyokuwa mbele yangu ilihama leni ghafla, kumbe kuna gari imesimama pale imewasha hazadi, hii yangu badala ya kupunguza ikaanza kuitafuta ile 100. Nilisimama salama, nafasi ilikuwepo, ila toka siku hiyo nikifumba macho naiona ile hazadi inawaka na kuzima.

Halafu hata barabara ikiwa imenyooka inapenda kukaa karibu na mstari wa kushoto, sio katikati. Fundi amechomeka kompyuta anasema haina kosa hata moja. Mume wangu anasema zima vyote. Nizime?

Jicho_Barabarani: Pole sana dada, na hongera kwa kuwahi breki. Hiyo ya baiskeli, uliwasha indiketa?

MamaWawili: Hapana, sikuwa nahama leni, nilisogea tu.

Jicho_Barabarani: Basi ndo hapo. Kamera inaona mistari, wewe ukiukaribia mstari bila indiketa inajua umesinzia, inakurudisha. Ukiwasha indiketa inakuachia. Mimi hata nikikwepa shimo au mtu wa miguu nawasha, imeshakuwa mazoea. Na ujue nguvu yake ni ndogo, haiwezi kukushinda ukiwa umeushika usukani vizuri, kinachotisha ni kwamba hukuitegemea.

FundiUmemeGari: Nafanya kazi na hizi sensa za magari kila siku kwahiyo nivumilieni nitaandika ndefu kidogo. Mambo mawili ya kruzi uliyoyaona yanaelezwa na kitabu cha gari chenyewe, tatizo hakuna anayekifungua. Magari mengi yana rada nyuma ya bampa au nyuma ya nembo ya mbele, na rada inachojua vizuri ni umbali wa kitu na kasi yake. Sasa fikiria barabarani kuna vibao, nguzo, kingo za daraja, vyote vimesimama, rada ingevihesabu vyote gari ingekuwa inafunga breki kila baada ya mita kadhaa na wa nyuma angekuingia. Ndo maana mifumo mingi inakipuuza kitu kilichosimama ambacho haikuwahi kukiona kikitembea, hasa ukiwa kwenye spidi kubwa. Gari ya mbele yako ilipohama, kwa rada yako njia ikawa wazi, ikarudi kutafuta 100 uliyoiwekea. Breki ya dharura, ile inayojifunga yenyewe, ni mfumo mwingine, inaweza kuingia dakika ya mwisho, inaweza isiingie, usiipe roho yako. Kona nayo, mwale wa rada unatazama mbele, lori likishapinda linatoka kwenye mwale. Kabla ya kona kali chomoa kruzi kwa kugusa breki, ukinyooka bonyeza kitufe cha kurudisha kruzi.

Ila hiyo ya kulalia kushoto barabara ikiwa imenyooka haijanipendeza. Kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa?

MamaWawili: Sijui mkuu, nimeinunua hivohivo.

FundiUmemeGari: Angalia maandishi madogo kwenye kona ya kioo cha mbele, halafu linganisha na ya vioo vya milango.

SafariNdefu: Mimi naziheshimu sana hizi, mgongo na mguu wangu wa kulia vinashukuru, lakini dada rekebisha ile nafasi ya gari ya mbele, ule mchoro wa vistari kwenye dashibodi. Weka ndefu kabisa. Kwenye 100 gari inakula karibu mita 28 kila sekunde, sekunde mbili ni mita 56, hapo hata akihama ghafla bado una muda wa kuona na kuamua. Watu wanaiweka fupi wakiogopa kuchomekewa, acha wachomekee, gari itapunguza itajitengea nafasi nyingine. Na mguu wako uwe jirani na breki muda wote.

Mkweli99: Mimi naungana na mume wake, zima. Kitu kinachokuzoesha kutokuangalia mbele kinaua.

SafariNdefu: Mkweli hoja yako naielewa na ina ukweli, hatari kubwa ni akili kuondoka wakati mwili upo kwenye siti. Nimeona mtu ananing'iniza chupa ya maji kwenye usukani ili gari idhani ameushika, yule simpandii. Hizi za kwetu ni daraja la 2, gari inasaidia usukani na mwendo lakini dereva ni wewe na jukumu ni lako. Ila kwa anayeangalia mbele zinapunguza uchovu sana. Mvua kubwa, barabara inayotengenezwa yenye mistari ya zamani na mipya, hapo mimi mwenyewe nazima.

MamaWawili: Wakuu nimetoka nje na tochi ya simu saa hii. Vioo vya milango vyote vinne vina namba moja, cha mbele kampuni nyingine kabisa na tarehe yake ni miaka mitatu mbele ya ile ya vioo vya milango!

FundiUmemeGari: Kimebadilishwa hicho. Kamera imeshikwa pale juu karibu na kioo cha kati, ikiondolewa na kurudishwa inatakiwa ifanyiwe kalibresheni, yaani ilinganishwe upya. Ikipinda kidogo tu, mbele huko inausoma mstari mahali pengine, na kompyuta inaweza isionyeshe kosa kwasababu yenyewe inaamini iko sawa. Tafuta gereji yenye vifaa vya kulinganishia kamera, na upepo wa matairi na alaimenti vikaguliwe kwanza. Mpaka hapo zima wa leni, kruzi tumia kwenye barabara iliyonyooka tu.

MamaWawili: Asante sana mkuu, asanteni wote. Wa leni nimeshauzima. Jumatatu naipeleka, nitaleta mrejesho hapahapa.