Kama dereva ni mfanyabiashara huru, mbona hapangi nauli?

Dereva, Nairobi:
Ndugu zangu, mkataba niliokubali kwenye programu ya teksi unaniita mkandarasi huru, yaani mtu aliyejiajiri mwenyewe, lakini nauli hupangwa na kampuni, na mwaka 2024, wengi wetu tulipobandika viwango vyetu wenyewe ndani ya magari, tulionywa kwamba tunakiuka masharti. Je, sheria humtambua vipi mtu asiyeruhusiwa kutaja bei ya kazi yake?

Msomaji wa sheria:
Ndugu, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikabiliana na jambo hilo tarehe 19 Februari 2021, katika kesi ya kampuni ya Uber dhidi ya Aslam, dereva wake wa zamani. Majaji hawakufuata jina lililoandikwa kwenye mkataba, bali waliangalia kazi inavyofanyika, na hoja ya kwanza waliyoitaja ni nauli: dereva hakuweza kutoza zaidi ya kiwango cha programu. Aliachiwa uhuru wa kupunguza tu, na punguzo lote lilitoka mfukoni mwake, kwa kuwa kamisheni, yaani sehemu ya nauli inayokatwa na kampuni, haikupungua. Madereva wale walipewa hadhi ya mfanyakazi, yenye kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo.

Mkaazi wa Marekani:
Huku California tuliona upande wa pili. Sheria ya AB5 ilipoanza mwezi Januari 2020, ikifanya iwe vigumu kumwita dereva mkandarasi, Uber iliwaruhusu madereva kuzidisha nauli ya msingi wenyewe. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 22, lililowabakiza kuwa wakandarasi, na kufikia Aprili 2021 ruhusa ile ilikuwa imeondolewa. Kwangu mimi hilo ni ushahidi tosha kwamba ruhusa ya kupanga bei ilitolewa kwa hofu ya sheria, wala haikutolewa kwa kumheshimu dereva.

Dereva mstaafu, Mombasa:
Hapa kwetu kanuni za mwaka 2022 zimeweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 18, jambo jema, ila nauli ikiwa ndogo mno hata asilimia 82 inayobaki huishia kwenye petroli. Wala programu za kupatana bei hazitoshi, maana abiria humchukua aliyetaja kidogo, nasi tunaumizana wenyewe. Tudai nauli ya chini kabisa kwa kilomita, inayojadiliwa na vyama vyetu. Kwa sasa, ndugu yangu, hifadhi maonyo yote uliyotumiwa kuhusu bei, pamoja na tarehe zake; siku ya kesi, wakili atayahitaji kabla ya mkataba wenyewe.